Kuotesha utando wa bakteria mchanganyiko wa utumbo maabarani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanafunzi wa uzamili na wataalamu wa maabara waliozoea kuotesha bakteria mmoja mmoja kwenye agari, na sasa wanataka kuwaweka kadhaa pamoja kwenye uso mmoja. Msimamo unaopita katika majibu yote ni huu: kama huna njia ya kumhesabu kila uliyemweka ndani, usianze bado.

Utando wa bakteria ni kitu gani?

Ni bakteria walioshika kwenye uso fulani, wakajizungushia ute walioutengeneza wenyewe. Ute huo una sukari za minyororo mirefu, protini, na DNA iliyomwagika kutoka kwenye seli. Utelezi unaousikia kwenye meno asubuhi kabla ya kupiga mswaki ni utando wa namna hiyo. Antonie van Leeuwenhoek wa Delft aliukwangua menoni, akautazama kwa lenzi zake, na mwaka 1683 akaiandikia Royal Society ya London kuhusu viumbe aliowaona. Hata hivyo, kwa muda mrefu baada ya hapo maabara nyingi ziliendelea kuotesha bakteria wakielea kwenye mchuzi. Mwaka 1978 J. William Costerton na wenzake waliandika kwamba katika maumbile bakteria wengi huishi wameshikamana na kitu, na kuanzia hapo uwanja huu ukapata watu wake.

Utando mchanganyiko ni ule wenye spishi mbili au zaidi. Kwa bakteria wa utumbo hiyo ndiyo hali ya kawaida. Utando wa spishi moja ndio kitu cha kutengenezwa.

Utumboni upo kweli, au ni jambo la maabara tu?

Upo, lakini si kama watu wanavyoufikiria. Mwaka 2008 watafiti wa Gothenburg nchini Uswidi walionyesha kwa panya kwamba ute wa utumbo mpana una matabaka mawili. Tabaka la ndani, lililogandamana na ukuta, kwa kawaida halina bakteria. La nje ni legelege na ndilo wanamoishi. Kwa mtu mzima wa afya, basi, usitarajie zulia la bakteria lililolala moja kwa moja juu ya seli zake. Wanaishi kwenye ute wa nje na kwenye mabaki ya chakula, hasa vipande vya nyuzinyuzi.

Kwa wagonjwa mambo hubadilika. Alexander Swidsinski na wenzake wa Berlin waliripoti mwaka 2005 utando mnene kwenye ukuta wa utumbo wa watu wenye uvimbe sugu wa utumbo, na sehemu kubwa yake ilikuwa Bacteroides fragilis. Watafiti wa Johns Hopkins waliukuta mwaka 2014 kwenye karibu saratani zote za upande wa kulia wa utumbo mpana walizozichunguza. Mwaka 2018 wakaonyesha kwamba wagonjwa wenye vinyama vya kurithi kwenye utumbo walikuwa na Escherichia coli wenye jeni za kolibaktini (sumu inayoharibu DNA) wakiishi katika utando mmoja na B. fragilis wenye sumu. Vienna nako, mwaka 2021, iliripotiwa kwamba utando ulionekana kwa kamera ya utumbo kwa asilimia 57 ya wenye utumbo unaosumbuka bila kidonda, asilimia 34 ya wenye vidonda vya utumbo mpana, na asilimia 6 ya watu wa kulinganisha.

Kukutwa na ugonjwa ni jambo moja, kuuleta ni jingine. Mwili wa mgonjwa hauwezi kukutenganishia mambo hayo mawili, na ndiyo sababu tunarudi kwenye sahani za maabara.

Kwa nini nisioteshe kila spishi peke yake, halafu nijumlishe matokeo?

Kwa sababu jumla haitatoka sawa. E. coli hutumia oksijeni iliyobaki, na hivyo kuwatengenezea nafasi wale wasioivumilia. Bacteroides thetaiotaomicron hukata sukari ngumu za mimea na za ute, kisha vipande vinavyobaki huliwa na wengine. Bifidobakteria hutoa asetati na laktati, na bakteria wengine huzigeuza kuwa butirati, chakula kikuu cha seli za utumbo mpana. Upande wa pili kuna ugomvi: tindikali, sumu za kuuana, kugombea madini ya chuma. Hakuna hata moja kati ya hayo utakaloliona kwa spishi iliyo peke yake.

Bado, lazima uoteshe kila mmoja peke yake kama kipimo cha kulinganisha. Andiko lenye mchanganyiko tu, bila wa peke yao, halina la kusema.

Nianze na kinyesi au na spishi zinazojulikana?

Kama hujawahi kufanya kazi hii, anza na spishi zinazojulikana, tena tatu tu. Najua kinyesi kinavutia: kina kila kitu, kinapatikana kila siku, na wakaguzi wa majarida hupenda neno "halisi". Lakini kinyesi kinakupa mamia ya spishi ambazo huwezi kuzihesabu kwenye agari, mtoaji ambaye jana alikula kitu kingine, na sampuli ambayo hutaipata tena. Jaribio likikwama hutajua kilichokwama ni nini.

Kati ya njia hizo mbili kuna jamii zilizoundwa makusudi. Ile ya spishi 8 za panya, inayoitwa Schaedler iliyorekebishwa, imekuwepo tangu mwaka 1978. Ya spishi 12, OMM12, ilitoka mwaka 2016. Na mwaka 2022 maabara ya Stanford ilitoa jamii ya binadamu yenye straini zaidi ya mia moja. Hizo ni za baadaye.

Spishi zipi tatu?

Mimi ningechukua E. coli Nissle 1917, B. thetaiotaomicron straini VPI-5482, na Bifidobacterium longum. Kuna wanaoweza zaidi kujenga utando, lakini hawa watatu hutenganishwa kwa agari za kawaida. E. coli peke yake ndiye atakayeota hewani kwenye agari ya MacConkey. Bacteroides ataota bila hewa kwenye agari ya nyongo na eskulini yenye gentamisini, na ataitia weusi. Bifidobakteria ataota kwenye agari yenye mupirosini, antibiotiki anayoivumilia; hakikisha kwamba agari hiyo inawazuia wenzake wawili. Thibitisha hilo kwa straini zako kabla ya kuzichanganya: pandikiza kila mmoja kwenye agari zote tatu. Ni kazi ya siku chache na itakuokolea miezi.

Nissle 1917 alitengwa na daktari Mjerumani Alfred Nissle wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na hadi leo huuzwa kama dawa ya tumbo katika baadhi ya nchi. Anashika vizuri kwenye plastiki. Kumbuka tu kwamba naye ana jeni za kolibaktini, kwa hiyo usimtumie kama mfano wa E. coli asiyezitengeneza.

Lazima niwe na chemba ya anaerobiki?

Chemba hiyo ni kabati lililofungwa, lisilo na oksijeni ndani. Kwa kazi ya utando, karibu lazima. Utando hauwekwi ukasahaulika hadi siku ya mwisho. Unabadilishwa mchuzi, unaoshwa, unakwanguliwa. Ukitumia mtungi wa kufunga badala ya chemba, kila unapoufungua hewa inaingia. Ndani ya chemba unafanya yote hayo bila kuwatoa.

Gesi ya kawaida ya chemba ni asilimia 85 naitrojeni, 10 kaboni dayoksaidi na 5 hidrojeni. Kichocheo cha paladiamu huunganisha hidrojeni na oksijeni iliyoponyoka ndani na kufanya maji, ndiyo maana chemba huwa na unyevu na inahitaji vikaushio. Kichocheo huchoka kwa unyevu, na huchoka zaidi kwa gesi ya salfa ambayo bakteria wa utumbo hutoa kwa wingi. Unyevu unaondoka kikiokwa kwenye tanuri. Sumu ya salfa ni shida zaidi, hivyo watu huweka mkaa maalumu ndani ya chemba uinyonye kabla haijakifikia.

Sasa jambo ambalo mwongozo wa mashine husema kwa mstari mmoja, na ndilo linaloua majaribio mengi: plastiki hubeba oksijeni. Sahani, vijiti vya pipeti na mirija vilivyotoka kwenye pakiti leo vitaitoa polepole ndani ya mchuzi wako usiku kucha, pale pale kwenye uso ambapo bakteria wanatakiwa kushika. Viingize ndani ya chemba siku moja au mbili kabla. Mchuzi nao vilevile, vizibo vikiwa vimelegezwa. Tia resazurini, kama miligramu 1 kwa lita. Mchuzi ukiwa wa waridi bado kuna oksijeni, ukipoteza rangi uko tayari. Ongeza sisteini, gramu 0.5 kwa lita, isaidie kuimaliza iliyobaki.

Si wote wanaoogopa hewa kwa kiwango kimoja. B. thetaiotaomicron hukaa hewani kwa saa kadhaa bila kuota na bila kufa wote. Faecalibacterium prausnitzii hufa ndani ya dakika chache. Anayeanza na Faecalibacterium anatafuta shida.

Sina chemba. Mtungi wa mshumaa unatosha?

Hapana. Mshumaa unazima oksijeni ikiwa bado nyingi. Kazi yake ni kuongeza kaboni dayoksaidi kwa ajili ya bakteria kama wa uti wa mgongo na kisonono. Kwa bakteria wa utumbo tumia mtungi unaofunga kabisa na pakiti ya kemikali inayokula oksijeni, pamoja na kiashiria cha rangi. Ukitumia mtungi, panga jaribio lisilofunguliwa kati: panda, funga, fungua mwishoni.

Njia nyingine ni mirija yenye vizibo vya mpira, iliyojazwa gesi isiyo na oksijeni, aliyoibuni Robert Hungate, Mmarekani aliyetafiti matumbo ya wanyama wanaocheua. Huyu alifanya kazi hata huku kwetu: mwaka 1959 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti wa uchachushaji tumboni mwa wanyama, wakiwemo wa Afrika Mashariki. Ukiona mirija ya Hungate kwenye katalogi, fahamu ilitengenezwa na mtu ambaye hakuwa na chemba.

Nitumie lishe gani?

Mchuzi wa ubongo na moyo, ule uliozoeleka kwenye maabara nyingi, unafaa kuanzia ukiongezwa hemini (kiungo chenye madini ya chuma) miligramu 5 na vitamini K1 miligramu 1 kwa lita pamoja na sisteini. Bila hemini Bacteroides watakuwa hoi. Wengine hupenda mchuzi wa Gifu au YCFA. Zote ni nzuri.

Kinachostahili kufikiriwa zaidi ni sukari. Glukosi nyingi huleta ukuaji wa haraka, tindikali, kisha vifo, na utando unaopima saa 48 ni wa waliohimili tindikali. Punguza glukosi, weka bafa, pima pH mwanzo na mwisho. Katika SHIME, mfumo wa utumbo bandia uliotengenezwa Ghent mwaka 1993, sehemu ya kwanza ya utumbo mpana hushikiliwa kati ya pH 5.6 na 5.9, na ya mwisho kati ya 6.6 na 6.9. Mchuzi wako ukishuka hadi 4.5 huo si utumbo tena.

Nyongo nayo ina neno. Kundi la Taasisi ya Pasteur jijini Paris lilionyesha kwamba chumvi za nyongo huwafanya B. thetaiotaomicron wajenge utando ambao bila nyongo hawaujengi vizuri, na kwamba kimeng'enya cha kukata DNA nje ya seli kinahusika. Kama Bacteroides wako wanaelea tu na hawashiki, jaribu nyongo kidogo kabla ya kubadilisha straini.

Utando uote juu ya nini?

Plastiki ya sahani yenye visima 24 au 96 inatosha kujifunzia. Pia kuna kifuniko chenye vijiti 96 kilichobuniwa Calgary, Canada, kikatangazwa mwaka 1999: utando huota kwenye vijiti, na kuosha kunakuwa kuhamisha kifuniko kutoka sahani moja hadi nyingine. Kinapunguza sana tofauti za mkono wa mtu.

Ukitaka kusogelea utumbo, paka uso kwa musini, protini kuu ya ute. Inayouzwa kwa bei nafuu hutoka kwenye tumbo la nguruwe. Hilo lina mambo mawili. La kisayansi: musini ya tumbo la chakula ni tofauti na ile ya utumbo mpana, kwa hiyo usiandike kwamba umeiga utumbo mpana, andika kwamba umepaka musini. La kibinadamu: katika maabara zetu nyingi kuna wenzetu Waislamu ambao wangependa kujua kabla hawajaipima kwenye mizani. Waambie. Ipo pia musini ya tezi za mate za ng'ombe, ghali zaidi.

Mwaka 2005 Sandra Macfarlane na wenzake wa Dundee, Scotland, waliweka jeli ya musini ndani ya mfumo wa mtiririko na kuona kwamba wanaoshika kwenye jeli si nakala ya wanaoelea. Wa Ghent nao, mwaka 2012, waliongeza kwenye SHIME vipande vya plastiki vilivyopakwa agari na musini. Somo ni lile lile: pima walioshika na wanaoelea, vyote viwili, kila mara.

Hatua zenyewe zikoje?

Zote ndani ya chemba kwa nyuzi 37. Otesha kila spishi usiku kucha kutoka kwenye akiba ya friji la baridi kali, kisha ihamishe tena mara moja ili wote wawe katika hali ya kukua. Punguza kila mmoja hadi wingi unaojulikana. Hapa kuna mtego: ukungu ule ule kwenye spektrofotomita hauna maana ya idadi ile ile ya seli, maana bifidobakteria wana maumbo na mikunjo yao na E. coli ana yake. Tengeneza jedwali lako la kulinganisha ukungu na makoloni kwa kila straini.

Changanya, weka kwenye visima, na acha pembeni visima vya mchuzi mtupu na vya kila spishi peke yake. Baada ya saa chache za kushika, nyonya mchuzi polepole, uweke mpya. Badilisha kila saa 24. Siku ya mwisho chukua sampuli ya wanaoelea, osha visima mara mbili kwa maji ya chumvi yenye bafa ambayo nayo yamekaa kwenye chemba, kisha kwangua. Kukwangua peke yake huacha vibonge, na kibonge cha seli mia huhesabiwa kama koloni moja. Mtikisiko mfupi wa mawimbi ya sauti ndani ya beseni la maji husaidia kuvivunja. Ukizidisha unawaua, kwa hiyo jaribu dakika tofauti hadi uone hesabu inapoacha kupanda na kuanza kushuka.

Saa ngapi?

Kati ya 24 na 72 kwa sahani isiyo na mtiririko. Chagua kwa kupima nyakati kadhaa, usichague kwa sababu andiko fulani lilitumia 48.

E. coli amewafunika wenzake wote. Nifanye nini?

Hili huulizwa na karibu kila anayeanza. Kwenye mchuzi mnono na hewa ya kutosha E. coli hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Bacteroides huhitaji muda mrefu zaidi ya hapo hata katika hali nzuri. Ukiona E. coli ametawala kupita kiasi, mshuku wa kwanza ni hewa. Pima chemba, angalia resazurini, uliza nani alifungua mlango mdogo wa chemba, wa kuingizia vitu, bila kuzungusha gesi.

Kama hewa ni safi, punguza mbegu yake (idadi ya seli unazoanza nazo), mara mia au elfu chini ya wengine. Jaribu kuwatanguliza Bacteroides na bifidobakteria saa kadhaa kabla yake. Ondoa sukari nyepesi, weka ngumu kama inulini au sukari za ute, ambazo yeye hana vimeng'enya vya kuzikata. Katika utumbo wa mtu mzima mwenye afya E. coli ni sehemu ndogo sana ya bakteria wote, kwa hiyo kumpunguza si udanganyifu.

Rangi ya kristali vayoleti haitoshi?

Inatosha kwa swali moja: kuna kitu kimeshika, kidogo au kingi? Unaosha, unapaka rangi asilimia 0.1, unaosha tena, unaiyeyusha kwa asidi ya asetiki asilimia 30, unasoma karibu na nanomita 550. Rahisi, nafuu, na rangi hiyo hiyo iko tayari kwenye rafu ya Gram.

Lakini rangi hiyo hushika seli hai, seli zilizokufa, ute, na musini uliyoipaka wewe mwenyewe. Haijui spishi. Utando wa watatu ukionyesha rangi mara mbili ya ule wa mmoja, huenda bakteria wameongezeka, huenda mmoja wao ametoa ute mwingi, huenda wamekufa na kumwaga DNA. Nimesoma tasnifu zilizojengwa zote juu ya namba hii moja, zenye michoro mizuri kabisa, na mwishoni huwezi kusema nani alifanya nini. Tumia kristali vayoleti kuchuja hali nyingi haraka, kisha hesabu.

Angalia pia visima vya pembeni mwa sahani ya 96, hukauka kwanza. Vijaze maji, usivitumie.

Kwa wasioota kwenye agari teule nifanyeje?

PCR (njia ya kunakili DNA) ya kupima wingi, kwa vianzio vya kila spishi, ndiyo njia ya kawaida. Shida ni kwamba DNA ya wafu huhesabiwa pia, na utando umejaa DNA ya wafu. Kuna kemikali iitwayo PMA ambayo huingia kwenye seli zilizopasuka tu na kuifunga DNA yao ikipigwa mwanga, ili PCR iache kuiona. Kwenye utando mnene mwanga haufiki vizuri, hivyo utawanye kwanza. Usomaji wa jeni ya 16S, inayotumika kutambua bakteria, unakupa uwiano, si idadi: spishi ikipungua kwa asilimia, huenda yenyewe haikupungua, wenzake ndio waliongezeka.

Ninataka picha nzuri. Protini ya kijani inayong'aa itafanya kazi?

Kwa shida. Protini hiyo huhitaji oksijeni ili ikamilike na kung'aa, na wewe umeiondoa. Wengine huutoa utando hewani kwa muda kabla ya kuutazama. Wengine hutumia protini za aina ya flavini zisizohitaji oksijeni, ambazo mwanga wake ni hafifu. Njia ya kuaminika zaidi kwa mchanganyiko ni vipande vya DNA vyenye rangi vinavyoshika RNA ya kila spishi, kisha hadubini ya konfokali. Ukiwa na musini, usiuhifadhi kwa formalini ya maji; husinyaza ute. Mchanganyiko wa Carnoy, usio na maji, huulinda.

Mifumo ya mtiririko ina faida gani?

Huondoa uchafu na tindikali, na huwapa walioshika upendeleo dhidi ya wanaoelea. Kile kinachoitwa kiriakta cha CDC kina fimbo 8 zenye vidonge 3 kila moja, yaani sampuli 24 kwa mkupuo. Huko Zurich kuna PolyFermS, ambamo bakteria wa kinyesi hufungwa ndani ya shanga za jeli ili wadumu kwa wiki nyingi. Kwa maabara yenye bajeti ndogo: mchuzi mwingi unakwenda kwenye taka, pampu zinakwama, na umeme ukikatika usiku huna jaribio. Sahani inayobadilishwa mchuzi kila siku itajibu maswali mengi ya tasnifu.

Nirudie mara ngapi?

Visima sita vya sahani moja kutoka kwenye mbegu moja ni jaribio moja, si sita. Fanya angalau mara tatu kwa siku tofauti na mbegu mpya kila mara. Takwimu zihesabu siku, sio visima.

Naweza kutumia utando huu kupima dawa?

Ndiyo, na utashangaa. Bakteria walio kwenye utando wanaweza kuvumilia dozi kubwa mara kumi hadi elfu kuliko ndugu zao wanaoelea. Sababu si ukuta wa ute peke yake. Wengi wamepunguza mwendo wa kukua, na dawa nyingi huua wanaokua. Huo ni uvumilivu, si usugu wa kurithi. Ukiwatawanya na kuwaotesha upya, mara nyingi dawa inawaua kama kawaida. Hakikisha unaandika neno sahihi.

Nikifika kwenye kinyesi, cha nani?

Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, maana maarifa mengi tuliyo nayo yametokana na matumbo ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha Wahadza 27 wa Tanzania na Waitalia 16: bifidobakteria, ambao Ulaya huhesabiwa kuwa alama ya utumbo mzuri, hawakuonekana kwa Wahadza. Mwaka 2017 ikaonekana kwamba bakteria wao hubadilika kwa msimu, kiangazi na masika. Kwa hiyo jamii ya spishi tatu niliyoipendekeza juu ni ya kujifunzia. Usiipe jina la "utumbo wa Mwafrika Mashariki".

Mfano mwingine ni wa madini ya chuma. Kwa watoto wachanga wa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba unga wa virutubisho wenye chuma uliongeza bakteria wa kuleta magonjwa na uvimbe wa utumbo. Mwaka 2017 ikaonyeshwa kwamba sukari za galakto-oligosakaridi zilipunguza madhara hayo. Mtu anayeotesha utando kutoka kwa watoto wa namna hiyo kwenye mchuzi uliojaa hemini anapaswa kujiuliza anapima mtoto au mchuzi.

Kwa upande wa utaratibu: mtoaji asiwe ametumia antibiotiki kwa miezi mitatu angalau, sampuli iingie kwenye chemba ndani ya saa mbili, ichanganywe na gliserini na kugandishwa kwa nyuzi 80 chini ya sifuri katika vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja. Kibali kwanza: Tanzania ni kamati ya kitaifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, Kenya ni kamati ya maadili iliyoidhinishwa pamoja na leseni ya NACOSTI, Uganda ni UNCST. Fomu ya ridhaa iseme wazi kama bakteria watahifadhiwa na kama watasafirishwa nje.

Usalama?

Kinyesi ni cha maabara ya kiwango cha pili hata kama mtoaji ni wewe. Kazi ya kutikisa na kutawanya hurusha matone, ifanyie ndani ya kabati la usalama. Utando huvumilia dawa za kusafishia kuliko unavyodhani: kwangua kwanza, loweka kwenye hipoklorati, na vyote viishie kwenye otoklevu kwa nyuzi 121. Usitie hipoklorati ndani ya otoklevu.

Naweza kujaribu nyumbani kwa mtungi na pakiti ya gesi?

Usijaribu. Huwezi kujua umeotesha nani.

Umeme ukikatika katikati ya jaribio?

Chemba iliyofungwa vizuri hushikilia hali yake kwa saa kadhaa, tatizo ni joto. Usifungue mlango mdogo. Andika saa umeme ulipokatika na uliporudi, na nyuzi ulizozikuta kwenye kipimajoto. Joto likiwa limeshuka chini ya 30 kwa zaidi ya saa moja au mbili, tupa na uanze upya, kwa sababu E. coli ataendelea kukua kwenye baridi hiyo wakati wenzake wamesimama, na uwiano utakaouhesabu kesho utakuwa wa TANESCO au wa KPLC. Akiba ya friji igawe kwenye majengo mawili.